Mtaa Uliohitimu Njaa

Kwaa… kwaa… kwaa. Gizani, mwiko ulikuwa ukikwangua tako la sufuria.

Haukuwa na haraka. Mwiko wa mtu anayesonga ugali wa kweli haukimbii, kwa sababu ugali wa kweli hukaza, humbishia msongaji, humtoa jasho. Msongaji wa usiku huo, mama aitwaye Sikudhani, aliyajua hayo, na kila baada ya mizunguko kadhaa aliguna kwa sauti ya kuruka ukuta: “Mmh! Huu wa leo umekaza kama umetiwa saruji!” Ndani ya sufuria mlikuwa na maji, chembe za chumvi, na mwezi uliokuwa umeingilia dirishani bila kukaribishwa.

Umeme ulikuwa mapumzikoni. Katika nchi hiyo umeme haukatiki; kukatika ni lugha ya wachochezi. Umeme hupumzishwa, kama mtumishi mwingine yeyote wa umma, na kama watumishi wengine wakubwa, likizo yake ilikuwa ndefu kuliko kazi yake. Jina la nchi yenyewe lilikuwa limefungiwa ghalani, lisije likachakaa kwa kutajwatajwa na watu wenye shida.

“Mama,” Mboni aliita kutoka mkekani. Alikuwa na umri wa kujua kuhesabu vidole vya mkono mmoja. “Ugali wa leo unaimba.”

“Unakuimbia wewe, mwanangu. Fumba macho uusikilize vizuri.”

Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya upishi huo. Mtoto akisikiliza sana hulala, na mtoto akilala chakula hakichelewi tena.

Ng’ambo ya ukuta, kwa Bi. Mize, kinu nacho kilikuwa kikilia ndu, ndu, ndu. Bi. Mize alikuwa bibi wa makamo aliyejitanda kanga yake kama bendera ya nchi isiyowahi kutawaliwa. Alikuwa akiishi na mjukuu wake Zaina, na sauti yake ilikuwa na desturi ya kupita ukutani. “Zaina! Punguza samli, mjukuu wangu! Jana uliizidisha ukaumwa tumbo!”

Nyumba ya tatu, Mama Tunu naye hakukubali kulala hivi hivi. “Mifupa hiyo msimalize, muwaachie paka!” alipiga kelele. Mama Tunu hakuwa na mifupa. Hakuwa na paka vilevile. Paka alikuwa amehama mwaka juzi kutafuta maisha.

Msije mkadhani watu wa Mtaa wa Mji Mpya walikuwa waongo. Walikuwa na stara. Kwao njaa ilikuwa kama nguo ya ndani: kila mtu anayo, na hakuna anayeianika mbele ya mlango.

*

Sasa, Serikali ya nchi hiyo ilikuwa sikivu. Hapo zamani ilikuwa na Wizara ya Chakula. Chakula kikaisha, wizara ikabaki, pamoja na makatibu wake, madereva wao, na wake za madereva waliokuwa wameajiriwa kuwangoja madereva. Ungeifuta vipi wizara yenye watu wengi hivyo? Ikabadilishwa jina, ikaitwa Wizara ya Shibe na Mbweu, mbweu ikiwa ni ile hewa inayomtoka mtu aliyekula akasahau adabu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupima shibe ya wananchi. Mtaalamu mmoja kijana, ambaye hajulikani alipo siku hizi, alipendekeza watu wapandishwe kwenye mizani. Pendekezo likakataliwa kwa kuwa lingeweza kuleta majibu. Ujumbe mzito ukaenda ng’ambo kujifunza, ukala huko kwa niaba ya taifa, ukarudi umenenepa na wazo moja: mtu aliyeshiba haonekani, husikika. Nchi yenye njaa ni kimya. Nchi iliyoshiba hulia sufuria.

Basi wakaajiriwa Wasikilizaji wa Taifa. Kila mmoja alipewa faneli kubwa la bati, la aina ile ya wauza mafuta ya taa. Mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha siku nyingi, kwa hiyo mafaneli hayakuwa na kazi. Msikilizaji alitakiwa apite jioni, aweke mdomo mwembamba wa faneli sikioni na mdomo mpana dirishani kwa mwananchi.

Wa Mji Mpya aliitwa Bwana Ngwilizi, mtu mrefu mwembamba, ambaye akigeuka ubavu hukujua kama bado yupo. Alipofika kwa Sikudhani akasikia kwaa kwaa, alitangaza kwa sauti ya kiserikali, “Shibe!” Alipofika kwa Bi. Mize akasikia habari za samli, alimeza mate, akatangaza, “Shibe, tena ya mafuta!” Kwa Mama Tunu ilimbidi aegemee ukuta kwanza.

Ikawa hivyo jioni baada ya jioni, mpaka asubuhi moja gari la matangazo lilipoingia mtaani likisukumwa na vijana wanne kwa ajili ya kubana matumizi.

“Wananchi wa Mji Mpya, hongereni! Mtaa wenu umefaulu! Mtaa wenu umehi-ti-mu njaa! Mahafali yatakuwa Jumamosi, Mheshimiwa Waziri akiwa mgeni rasmi!”

Mtaa mzima ukapiga vigelegele. Mama Tunu akacheza na ndoo kichwani. Vigelegele vilipopungua, kipaza sauti kikamalizia kwa sauti ya chini, kama mtu anayemnong’oneza mkwewe: “Na kwa kuwa aliyehitimu harudi darasani, lori la unga wa mgao halitakuja tena.”

Mboni, aliyekuwa amebebwa kiunoni, akamvuta mama yake sikio. “Lori letu?”

Lilikuwa lao kweli. Lilikuwa likija kila Jumamosi, kibaba kimoja kwa kila mtoto. Jumamosi hiyo na kesho yake Sikudhani alisonga ugali wa haki, ukimshinda nguvu, naye akiguna bila kuigiza. Jumatatu ulikuwa uji. Jumanne ulikuwa uji ambao ukitazama bakuli unaona ua lililochorwa chini. Baada ya hapo yalibaki maji na nyimbo. Jumamosi ikiondoka, wiki nzima itakuwa nyimbo.

“Kaulize wizarani,” alisema mumewe, Kibwana, huku akivaa viatu. Kibwana alikuwa fundi wa kiwanda cha taifa cha viberiti. Vijiti viliisha zamani, na siku hizi mafundi walikuwa wakienda kuzifariji mashine. “Ningeenda mimi, lakini ile kubwa jana ilikuwa na huzuni sana.”

*

Wizarani palikuwa na madirisha mawili. Dirisha la Malalamiko lilikuwa limefungwa kwa sababu hakuna malalamiko yaliyokuwa yamepokelewa, na hayakupokelewa kwa sababu dirisha lilikuwa limefungwa. Dirisha la Pongezi lilikuwa wazi kutwa, halina foleni. Sikudhani akaenda hapo.

“Shikamoo. Nimekuja kupongeza.”

“Marahaba, mama,” alisema aliyekaa ndani, naye hakuwa mwingine ila Bwana Ngwilizi. Mchana Wasikilizaji walikuwa wakipokea pongezi. “Pongeza.”

“Naipongeza Serikali kwa kutushibisha. Ila nadhani imetushibisha kwa makosa.”

Bwana Ngwilizi alitazama kushoto, akatazama kulia. “Una ushahidi wa njaa?”

“Njaa yangu hii hapa.”

“Hiyo ni njaa binafsi, dada. Wizara hii haiingilii mambo ya watu ya ndani. Sisi tunashughulika na njaa ya umma.”

“Na ya umma inakuwaje?”

“Inakuwa kimya.” Akainama, akawa ananong’ona, na tumbo lake likanong’ona pamoja naye. “Sikiliza, mama Mboni. Mtaa ukihitimu, mimi nami nakosa cha kusikiliza. Nina watoto kama wewe. Alhamisi jioni napita kwa ajili ya Msikilizo wa Mwisho. Mtaa ukiwa kimya, kimya kabisa, nitatangaza ‘hapana shibe’, na mtaa utakariri darasa. Lori litaendelea kuja.”

“Kimya tu?”

“Kimya tu. Hata kijiko kisianguke.”

Sikudhani alitoka pale miguu haigusi chini. Kumbe Serikali haihitaji kubembelezwa, haihitaji maandamano wala mjomba mkubwa! Inahitaji watu wasifanye kitu. Na nani asiyeweza kutofanya kitu?

*

Asubuhi yake aliwakuta wenzake bombani. Bomba la Mji Mpya lilikuwa likitoa maji kwa kubembelezwa, tone, tone, kwa hiyo palikuwa na nafasi ya mazungumzo marefu. Alikuwa ameyapanga maneno usiku kucha, lakini alipoona macho yao, yale ya mwanzo yakamkwama.

“Jamani, mimi nina… nina dada yangu mmoja, wa mbali,” alianza. “Yeye jioni huwa anasonga maji.”

“Anasonga nini?” Mama Tunu alishika kiuno.

“Maji matupu. Ili mtoto wake alale.”

“Mtume!” Bi. Mize alijishika kifua. “Maji? Katika zama hizi? Mwambie aje kwangu, mwanangu, siku yoyote. Mimi nyama nachoka nayo, meno yenyewe ndiyo haya.”

“Na mimi maharage yananiharibikia,” alisema Mama Tunu. “Jana nimemwaga.”

“Kumwaga chakula ni dhambi, shoga.”

“Ndiyo nikatubu. Nikala tena.”

Wakacheka wote, na Sikudhani akacheka nao, mpaka machozi yakamtoka, na hakuna aliyejua ni ya nini. Kisha akawaeleza habari ya Alhamisi: kwamba wakinyamaza jioni moja tu lori litaendelea kuja, na dada yake yule wa mbali atapona.

Walimtazama kwa huruma kubwa. “Sisi hatuna shida ya hilo lori,” alisema Bi. Mize, akitengeneza kanga yake. “Unga wenyewe mimi huwapa kuku.” Hakuwa na kuku. “Lakini kwa ajili ya huyo dada yako, maskini, tutanyamaza.”

“Kwa ajili yake tu,” alisema Mama Tunu. “Mimi siku hiyo nitakula vitu baridi.”

“Na mimi nitafunga sunna.”

Kila mmoja aliapa. Kila mmoja aliondoka na ndoo yake, akiwa mfadhili. Usingeona mtaa mwingine wenye wafadhili wengi kiasi hicho na moshi mchache kiasi hicho.

*

Alhamisi jua likazama, na Mtaa wa Mji Mpya ukanyamaza.

Ulikuwa unyamavu wa ajabu. Vinu vilikaa na midomo wazi. Sufuria zililala kifudifudi. Na hapo ikasikika sauti ambayo watoto wa mtaa ule walikuwa hawajapata kuisikia tangu wazaliwe: kriii, kriii, kriii, kutoka majanini.

“Mama, ni nini hiyo?”

“Nyenje, mwanangu.”

“Wanasonga nini?”

“Hawasongi kitu. Wanafurahi tu.” Sikudhani naye alikuwa na furaha ya kumfanya atake kuruka. Alikuwa amekaa juu ya mikono yake kwa usalama. Kibwana alikuwa amelala mapema ili asije akapiga chafya.

Kandambili za Bwana Ngwilizi zikaja: pa, pa, pa. Zikasimama kwa Mama Tunu. Kimya. Zikasonga mbele. Zikasimama katikati ya nyumba ya Sikudhani na ya Bi. Mize. Dirishani faneli likatokea, likang’aa kwenye mwezi, kama sikio la Serikali yenyewe. Sikudhani aliziba pumzi. Kule nje mtu alikuwa akitabasamu, ungeweza kulisikia tabasamu lake.

Ndipo ng’ambo ya ukuta Zaina akauliza, kwa sauti ndogo ya mtoto mwenye adabu, “Bibi, leo kwa mama Mboni hawapiki?”

Na Bi. Mize akajibu kwa ile sauti yake yenye desturi ya kupita ukutani: “Nyamaza, mjukuu wangu. Jirani yetu kaishiwa. Maskini ya Mungu! Kesho tutampelekea kidogo.”

Maskini ya Mungu. Maneno yale yaliingia kama mwiba wa samaki. Yeye! Sikudhani, aliyesoma ngumbaru, darasa la watu wazima, mpaka akamaliza, mwenye mume fundi, mwenye mtoto anayesukwa kila Ijumaa! Tena wa kumpelekea kidogo ni mtu ambaye kinu chake kinatwanga upepo!

Alijua asifanye. Mkono wake haukujua, ukaufikia mwiko. Aliwazia moja tu, ya heshima, ndogo, ya kusema kwamba humu ndani watu wapo na hawajafikia huko.

Kwaa.

Ng’ambo ya ukuta pakapita kitambo kifupi cha mshangao. Kisha: ndu!

“Zaina! Lete samli!”

“Nyama hii imenishinda!” aliruka Mama Tunu kutoka kwake. “Njooni mnisaidie jamani, itaoza!”

Mtaa ukaripuka. Vinu, miko, vifuniko, visahani, kila kilichokuwa kimezuiliwa tangu magharibi kikatoka kwa mpigo kama maji ya bwawa lililobomoka. Mzee mmoja aliyekuwa ameuza sufuria zake zote alipiga ndoo. Watu waliguna, waliungulia, walilalamikia pilipili. Kibwana aliamka akiamini vijiti vya viberiti vimefika. Mboni akapiga makofi mkekani. Na pale nje, faneli lilikuwa likivuma sikioni mwa Bwana Ngwilizi kama kengele ya kanisa, mpaka akakaa chini kwenye tope, akashika kichwa, akasema kwa sauti iliyovunjika, kwa kuwa sheria ni sheria: “Shibe. Shibe. Shibe.”

Kesho yake ikatangazwa kwamba ile ilikuwa shibe kubwa kuliko zote tangu taifa lipate uhuru wa kuwa na njaa yake lenyewe. Bombani watu walitafutana.

“Nani alianza?”

“Sauti ilitokea chini kule.”

“Chini wapi? Ilitokea juu!”

Sikudhani alisimama akitazama ndoo yake. Ilikuwa imejaa, ikawa inamwagika, na hakuiondoa.

*

Jumamosi uwanja wa shule ulipambwa. Wahitimu walivishwa majoho yaliyoshonwa kwa magunia matupu ya unga, maana magunia matupu ndiyo yaliyokuwa mengi. Mgongoni kwa Mama Tunu paliandikwa MSAADA: HAUUZWI. Mheshimiwa Waziri, Dakta Bakunja, alikuwa amevaa joho la cheo, lenye maandishi makubwa kifuani: HIFADHI MAHALI PAKAVU. Alikuwa mtu mpana mwenye shingo iliyokwisha kusahaulika. Kando ya uwanja lilisimama lori la unga, mara ya mwisho, injini ikinguruma. Dereva alikuwa akingojea tarumbeta zilie ili aupeleke unga kwenye mtaa mwingine ambao bado ulikuwa shuleni.

Kwa ombi maalumu la Waziri kila mama alikuja na sufuria yake, imefunikwa, kwa ajili ya Kwaya ya Taifa ya Miko. Itifaki ilikataza kufunua. Mgeni rasmi hatazami ndani ya chungu cha mtu.

“Ndugu wahitimu!” Dakta Bakunja alinguruma. “Mimi nawafahamu toka mbali! Mlianza na njaa ya chekechea. Mlikuwa mkilia ovyo. Mkapanda, mkapata njaa ya msingi, mkajifunza kulia kwa zamu. Mkaingia njaa ya sekondari, mkaacha kulia kabisa! Leo ninyi ni wasomi! Wako wachochezi wasemao nchi haina chakula. Nawauliza, hayo makelele ya Alhamisi yalikuwa ya nini? Yalikuwa ya kuvunja mawe?”

Watu wakapiga makofi, taratibu, ya kubana matumizi.

“Piga kwaya!”

Miko ikaingia sufuriani. Kwaa, kwaa, kwaa, mtaa mzima, Bi. Mize akiongoza. Ulikuwa muziki wa kumfanya mtu alie au acheze, na Waziri akacheza, shingo isiyokuwepo ikitikisika. Bwana Ngwilizi alikuwa amesimama nyuma yake na faneli kwapani, na sikio lake moja limefungwa bandeji.

“Basi!” Waziri aliinua mkono. “Kabla sijautangaza rasmi mtaa huu kuwa umehitimu, desturi inanitaka niulize. Kama yuko mwenye pingamizi, aseme sasa, au anyamaze mpaka uchaguzi.”

Akacheka. Wakacheka. Mpiga tarumbeta akaweka tarumbeta mdomoni. Dereva wa lori akakanyaga klachi.

“Mama,” Mboni alisema taratibu, akimwegemea mguuni, “lori linaenda.”

Sikudhani alisikia joto la kile kichwa kidogo likipita kwenye joho la gunia. Nywele alizisuka jana, Ijumaa, kwa mikono ileile iliyoshika mwiko Alhamisi. Akasimama.

“Mimi nina pingamizi.”

Tarumbeta ikatoa sauti ya bata.

“Wewe ni nani?” aliuliza Waziri.

“Sikudhani, mama Mboni, nyumba ya pili kutoka bombani. Sufuria yangu ina maji.”

“Maji ni uhai! Mpigieni makofi!”

“Maji tu, mheshimiwa. Hakuna kingine.” Akafunua. Uwanja mzima ukasikia kifuniko kikigusa ardhi. “Nasonga maji ili mtoto asikie anapikiwa. Nasonga ili majirani wasijue. Yule dada yangu wa mbali niliyewaambia,” aliwageukia wenzake, “hayuko mbali. Na Alhamisi niliyeanza ni mimi. Nilitaka moja tu, ya heshima.”

Aliingoja ardhi ipasuke immeze. Aliipa nafasi ya kutosha. Haikupasuka, hata ardhi ya nchi hiyo ilikuwa ikibana matumizi.

Waziri alimnong’oneza Bwana Ngwilizi, na Bwana Ngwilizi akajibu kwa sauti kubwa kuliko alivyoulizwa: “Sheria inasema kaya moja ni hitilafu ya mwiko, mheshimiwa. Zikiwa mbili ndipo huitwa hali. Ikiwa hali, mtaa unarudi darasani, na lori linabaki.”

“Vizuri! Hitilafu husamehewa.” Dakta Bakunja aliangaza macho uwanjani. “Au yuko wa pili?”

Mama Tunu aliangalia kucha zake, akazikuta zina mambo mengi ya kuangaliwa. Akina mama walikumbatia sufuria zao zilizofunikwa kama watoto wachanga wenye homa. Hapa na pale kitu kilichezacheza chini ya mfuniko, chwaa, chwaa, nacho hakikuwa kizito.

“Hayupo?” Waziri alitabasamu. “Basi, mama, kaa chini. Unawatia aibu wenzako walioshiba.”

Sikudhani hakukaa. Alimshika Mboni mkono, akamtazama Bi. Mize, bila kumlaumu, kama mtu anavyomtazama mwenzake wanapobeba mzigo mmoja gizani. Bi. Mize akayakwepa macho yale. Akatengeneza kanga. Akaitengeneza tena, ingawa ilikuwa imekaa sawasawa.

“Piga tarumbeta!” alisema Waziri.

Pembeni mwa Bi. Mize, Zaina alisimama. Alikuwa na joho la gunia lililomfika mpaka kwenye vidole vya miguu. Akaunyoosha mkono juu kabisa, kama walivyofundishwa shuleni, na kungoja aitwe. Mkono wa bibi yake uliinuka kwenda kumziba mdomo, ukafika katikati ya safari, kisha ukashuka polepole, ukatua begani kwa mtoto na kubaki.

“Na sisi tunasonga maji.”